Chetezo Mlangoni Kwangu

Nyumba tunayopanga Kariakoo ina korido moja katikati, vyumba vinatazamana. Kila Alhamisi jioni bibi mwenye nyumba alikuwa anafukiza udi, mazoea ya ujanani kwake. Siuchukii udi. Ila binti yangu ana pumu. Moshi ukimfikia, njia za hewa zinabana, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi.

Nilishamwambia bibi hivyo hivyo, kwamba njia za hewa zinabana. Akanijibu, "Pumu? Mtoto mzuri vile? Hicho kijicho cha watu."

Alhamisi moja nilikuwa uani nakaanga vibua. Narudi chumbani, nakuta chetezo kimewekwa mlangoni kwangu, kwangu tu, moshi unapita chini ya pazia. Mtoto kakaa kitandani kainamia magoti, hata kuniita hawezi. Nikakisukumia chetezo mbali koridoni huko. Nikachukua dawa yake ya kuvuta, nikaichomeka kwenye chupa ya maji niliyoitoboa kitako kama walivyonielekeza hospitali, nikamwekea mdomoni. Taratibu kifua kikaanza kuachia.

Ndipo nikakibeba kile chetezo kwa kitambaa mpaka barazani alikokaa bibi.

"Shikamoo. Moto wako huu."

"Marahaba. Mbona umeukatiza? Nimemfukizia makusudi yule mtoto, kijicho kimtoke."

"Kijicho chenyewe ni huu moshi! Njoo umsikilize."

Wapangaji wakachungulia. Mmoja akasema, "Leo bibi kapatikana."

Bibi akaja, akaweka sikio mgongoni kwa binti yangu.

"Mna kipaka kinakoroma humu kifuani," akasema, sauti imemshuka. "Mie nilidhani namtibu."

"Ungeniulia mtoto, bibi."

"Astaghfirullahi! Usitamke hivyo, mwanangu."

Nilitamka, na sijaomba radhi mpaka leo.

Sasa chetezo kinakaa nje, ng'ambo ya baraza, upepo unapeleka udi kwa wapita njia. Juzi mpangaji mgeni kawasha dawa ya mbu ya kuchoma koridoni. Kabla sijafungua mdomo, bibi keshafika.

"Zima! Humu mna mtoto wa pumu. Njia za hewa zinabana, hujui? Hamsomi nyie?"

Maneno yangu hayo, neno kwa neno! Hasira zikanipanda, nikataka nimwambie. Nikaacha. Binti yangu alikuwa anaruka kamba pale pale koridoni huku anaimba kwa kelele, na pumzi zinamtosha.