Mgeni Aliyetaka Mwanza

Mgongo wangu uliharibika siku nilipoteleza na gunia la mpunga nikishuka mtumbwini kule Mbwera. Tangu hapo nimekandwa, nimechuliwa, nimesomewa, nimemeza vidonge vya kila rangi, na maumivu yamekaa kama mwenye nyumba. Mwishowe madaktari wakanishonea kimashine chini ya ngozi, juu kidogo ya kalio, chenye waya unaopeleka umeme mdogo kwenye uti wa mgongo. Maumivu hayaishi, ila yanapunguza kelele. Ninakiendesha kwa rimoti, na majirani zangu Kibiti huniuliza kama kinashika na mpira.

Binti yangu anaishi Mwanza, na alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mwenye uzazi wa kwanza hukandwa kwa maji ya moto na mama yake mzazi. Basi la siku nzima mgongo huu haulitaki hata kwa kusikia, kwa hiyo ikawa ndege au nisiende. Dada yangu mkubwa akatoka Mbwera kunisindikiza. Tulikubaliana mimi nitoe maarifa, yeye atoe mikono.

Uwanjani Dar es Salaam nilimwonyesha askari kadi ya daktari, kwamba nisipite kwenye ule mlango wa kukagulia, nipekuliwe kwa mkono. Kijana akageuka kumwita mwenzake wa kike. Dada, aliyekuwa nyuma yangu, akaona ninazubaa. Kwake foleni yoyote ni kivuko, ukisita boti inakuacha. Akanisukuma.

Mlango ukalia. Kimashine nacho kikapandwa na wazimu. Umeme ukashuka miguuni, kiuno kikaanza kwenda chenyewe, na rimoti imo mkobani, na mkoba umemezwa na mashine ya kukagulia mizigo. Nikacheza mbele ya abiria walioshika mikanda yao mkononi, kama mtu asiye na wakwe.

Askari wa kike akaja mbio. "Mama huyu anaumwa? Kama anaumwa hatuwezi kumruhusu kusafiri."

"Haumwi," dada akajibu kwa utulivu. "Ana mgeni kichwani."

Nilitamani kumfinya. Alikwishanifunika kanga gubigubi, kama afunikwavyo mwenye pepo kwetu, na pepo hakemewi, huulizwa haja yake. "Karibu, bwana mkubwa," akaanza. "Hebu tuambie, wataka nini? Marashi? Ubani? Mbuzi hapa hatuna, utuvumilie."

Nilijaribu kueleza habari za kimashine, lakini kila nilipofungua mdomo, kicheko na kilio vilitoka pamoja. Nikaona ndege inaondoka, na mwanangu anakandwa na mama mkwe wake.

"Sema, wataka nini?" dada akauliza tena.

"Nataka Mwanza," nikalia ndani ya kanga. "Mwanangu anajifungua. Nataka kumkanda mwenyewe."

Nikatoa mkono nje ya kanga, nikauonyesha mkoba kwa kidole. Askari wa kike akauleta mkoba wangu, nikaitafuta rimoti, nikazima, kiuno kikatulia. Akaisoma kadi, akanipekua kwa mkono, na alipofika kwenye kovu akalegeza mkono. "Pita, mama," akasema.

Ndani ya ndege dada alimsimulia abiria wa jirani kwamba ameona mapepo yakitaka pete, yakitaka halua, ila la kutaka Mwanza ndiyo mara ya kwanza, na bahati njema tiketi tulikuwa tumeshakata. Mimi mgongo ulikuwa ukiniuma hasa, maana nilisahau kukiwasha kimashine. Sikujali. Nilikuwa nakwenda.