Rahab Arudi Kwenye Kompyuta

Kabla hajaolewa na kwenda kulima pareto Molo, Rahab ndiye aliyeandika programu ya kwanza ya duka la mbegu la mzee Kanji, mjini Nakuru. Ilitoshea kwenye disketi moja. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yake ilichomwa, akashuka mjini na nguo alizovaa, akapata pa kulala kwa dada yake, mtaani Kiamunyi. Kanji alikuwa ameshafariki. Mwanawe, Nimesh, akamwambia, "Auntie, niandikie programu mpya ya wateja. Ikifanya vizuri, kazi ni yako."

Akajifunza upya katika saiba moja, duka la intaneti mtaani Rhonda, kwa msichana aitwaye Sue.

"Mathe, hii umeandika ni ya enzi za simu za kuzungusha!"

"Na zilikuwa zinashika," Rahab akajibu, akafuta, akaanza tena.

Vidole vilivyozoea jembe vilikuwa vizito. Usingizini aliona mabano yasiyofungwa. Lakini mvua za Aprili zilipoanza, programu ilikuwa tayari, na Sue aliikagua asipate kosa.

Siku ya majaribio Nimesh alisimama nyuma yake. Mteja wa kwanza, mzee wa koti lililolowa, alitaka pakiti ya mbegu za sukuma wiki. Rahab akaandika jina lake, kisha akauliza bila kuinua macho, kama walivyouliza dukani humo miaka yote, kwa sababu majina hufanana na mashamba hayafanani:

"Shamba gani, mzee?"

Mzee akafuta maji ya mvua usoni.

"Unatoka shamba gani?"

"Sasa niko kwa hema."

Rahab akaiacha nafasi ya shamba wazi. Mashine ikakataa. Shamba lilikuwa la lazima. Ndivyo alivyoiandika ile ya kwanza, na mkono ukarudia wenyewe. *Jaza shamba*, maandishi mekundu yakasema. Akabonyeza tena. *Jaza shamba.*

"Hata kompyuta inataka nirudi huko," mzee akasema. Akaiacha pakiti kwenye kaunta, akatoka mvuani.

"Auntie," Nimesh akauliza polepole, "na wewe ungejaza nini?"

Rahab akainamia kibodi. Akalitafuta lile sharti, mstari mmoja tu, akalifuta. Programu ikapokea kila kitu, hata nafasi tupu. Nimesh alikuwa ameshaingia ofisini; akamfuata.

"Nimerekebisha."

"Sawa, Auntie. Iache tu hapo. Tutakuita."

Alisema kwa upole, macho yake yakiwa kwenye simu. Rahab akarudi kwenye kaunta, akazima kompyuta.