Shujaa Aliyekanyaga Jani la Isale

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja ya likizo, baada ya misa ya pili, watu wa Kibosho walipojaa katika uwanja wa kanisa letu kumtazama shujaa niliyemzaa kwa kalamu yangu mwenyewe. Jina lake lilikuwa Orimba. Mimi nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, umri ambao mtu hudhani kwamba ulimwengu umechelewa kutengemaa kwa sababu tu yeye alichelewa kuzaliwa.

Nchi ya Orimba haikuwa katika ramani yoyote. Niliiweka juu ya mawingu, katikati ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro, mahali ambapo mikuki huota kama migomba na ndama huzaliwa wakiyajua majina ya wenye nyumba. Humo alitawala Mfalme wa Barafu, jitu lililoinywa mifereji yote ya mlima mpaka watu wa chini wakabaki na kiu. Orimba alizaliwa akiwa na kovu kifuani. Aliua chui akiwa na miaka saba, akavuka mto wa moto, akafundishwa vita na tai. Katika kurasa zote za igizo lile hakucheka hata mara moja, maana niliamini kwamba kununa ni sehemu ya ushujaa.

Ngoja nikukirie jambo ambalo kwa miaka mingi nililionea haya. Nilimuumba Orimba awe kila kitu ambacho baba yangu hakuwa.

Baba alikuwa mtu wa sauti ndogo. Wakati wa kuchuma kahawa alizungumza na miti zaidi kuliko na watu. Na nilikuwa nimesikia kwa watoto wenzangu kwamba zamani, mwaka wa ukame, jirani yetu Mzee Aloisi aliyageuza maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili unaogawa maji kwa zamu, siku ambayo zamu ilikuwa yetu. Miche ya kahawa ya baba ilikauka yote. Baba, walisema, hakufanya lolote. Nami niliona kwa macho yangu jinsi kila asubuhi alivyomwamkia jirani yule, “Shikamoo, kaka,” huku mimi nikitazama chini kwa fedheha. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema, lakini mimi niliusikia ukimya tu, nikamhesabu baba yangu miongoni mwa waoga.

Basi siku ya igizo ikafika. Mfalme wa Barafu aliigizwa na rafiki yangu Salimu, kijana wa Majengo kule mjini, aliyekuwa akijifunza useremala na ndiye aliyetuchongea panga na mikuki yote ya mbao. Alikuwa amejifunga shuka tatu nyeupe, na kichwani tulimrundikia pamba ya godoro.

“Deo,” aliniambia nyuma ya pazia, jasho likimtiririka, “nikifa leo kwa joto, mwambie mama nilikufa nikiwa mfalme.”

Orimba nilimwigiza mwenyewe. Ningemwachia nani?

Igizo lilikwenda vizuri mno. Wamama walipiga vigelegele, wakamtukana Salimu kwa raha zao: “Mpige huyo! Katunyima maji! Hata kuoga haogi!” Baba alikaa mstari wa tatu, amevaa koti lake la kanisani, kofia magotini. Nilimwona. Nilitaka anione mimi, aone mwanamume halisi alivyo.

Katika onyesho la mwisho Mfalme wa Barafu alishindwa, akapiga magoti, akanyoosha jani la isale. Huenda wewe uliyekulia mjini hujaambiwa. Isale ni ule mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na katika makaburi ya wazee wetu. Mkosaji akikuletea jani lake, amekuomba msamaha, na Mchagga, hata awe amekosewa kiasi gani, halikatai. Nililijua hilo tangu nikibebwa mgongoni. Na kwa kuwa nililijua, ndipo nikaandika kwamba Orimba alilikataa. Nilitaka shujaa mkubwa kuliko desturi.

Nikalipiga teke jani likaanguka. Nikalikanyaga. Kisha nikashusha upanga, na Salimu akafa kwa mlio ambao ungewaamsha fisi.

Nilisubiri vigelegele. Havikuja. Mama mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Wengine walianza kuwashika watoto wao mikono, wainuke waende. Nilisimama pale na upanga wangu wa mbao, nikiona kazi yangu ya miezi mitatu ikitoka getini kwa miguu yake. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo Mzee Aloisi akaja katikati ya uwanja, taratibu, kwa fimbo yake. Akaliokota lile jani, akalifuta udongo kwa mkono wa koti.

“Nani kakufundisha hili?”

“Ni igizo tu, mzee.”

“Igizo. Na hawa watoto waliokaa mbele wanajua hivyo?” Akawageukia watu. “Msiondoke. Nina maneno machache, na ni ya aibu yangu. Mwaka ule wa ukame niliiba maji ya baba yake huyu kijana. Wengi mnajua. Msichojua ni siku ya tatu yake. Nilikwenda kwake na jani kama hili. Nilimkuta ameshika panga la migomba, na miche yake iliyokufa ameilaza chini, mstari mmoja, kama maiti. Alinitazama mimi, akaitazama miche. Kisha akaliweka panga chini, akalipokea jani kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa ikitetemeka, na haikuwa kwa hofu. Mimi nimeona wanaume wakipigana, nimeona wakiua simba. Sijaona kazi ngumu kama ile.” Akanigeukia. “Kama baba yako angekuwa huyu Orimba wako, mimi ningekuwa kaburini, yeye gerezani, na wewe usingezaliwa kuja kunisumbua.”

Mwanangu, niliushusha upanga wangu. Sikuweza kumtazama baba.

Hapo marehemu Mfalme wa Barafu akainua kichwa chenye pamba.

“Shikamoo, mzee. Samahani. Kwa hiyo mimi nimekufa au sijafa? Maana hapa kuna siafu.”

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Hata Mzee Aloisi alishikilia fimbo asianguke. “Amka, mwanangu,” akasema. “Hujafa. Rudieni.”

“Lakini mzee,” nikajaribu, “Orimba akisamehe, igizo litaishaje?”

“Litaisha maji yakirudi. Hicho si ndicho walichokuwa wakikitaka hao watu wako wenye kiu?”

Tukarudia. Salimu akapiga magoti, akanyoosha jani. Nikanyoosha mkono wa kulia, na ghafla sauti ndogo ikasikika kutoka mstari wa tatu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia mbele za watu:

“Mikono miwili, Deo! Hupokei nauli!”

Watu wakacheka tena. Nikalipokea kwa mikono miwili, na sikuigiza kutetemeka. Salimu, ambaye hakuwa na maneno ya mwisho kwa kuwa nilikuwa nimemwandikia kifo, alipaza sauti: “Chukueni maji yenu, mimi nimechoka kuyalinda!” Wamama wakaingia uwanjani kwa ngoma. Orimba alicheka, mwanangu, akacheza mpaka kovu lake la mkaa likafutika kwa jasho. Wazee wakaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, na Salimu akatengewa maziwa katika kibuyu kikubwa kuliko vyote.

Tulipokuwa tukipanda kurudi nyumbani, nilimwuliza baba kwa nini hakunisimulia.

“Ningekusimulia,” akasema, “ningekuwa ninamdai bado.”

Basi nisikilize, wewe uliye na mashujaa wako ndani ya simu, wenye panga za moto na wasiocheka. Wapende; hata mimi nawapenda, nao huamsha moyo uliolala. Lakini usimpime mzazi wako kwa kipimo chao kabla hujauliza alishinda vita gani asivyovisimulia. Ukubwa ni jalala: mkubwa hubeba yanayotupwa na wengine, na nyumba ikabaki safi. Siku mtu aliyekuumiza atakapopiga hodi kukuomba radhi, ujue kwamba siku hiyo ndipo unapohitaji nguvu zako zote. Na ukiwa wewe ndiye mkosaji, usingoje magoti yazeeke. Nenda siku ya tatu, au hata ya kwanza.

Ruwa, Mungu wa babu zetu, akupe kicheko kisichomwumiza mtu, na majirani wa kuzeeka nao, na wazee watakaokurekebisha hadharani bila kukuonea haya. Nenda na amani, mwanangu.