Gobori la Bwana na Mguu wa Mke Wangu

Gobori likipigwa leo lazima lioshwe leo. Si kesho. Baruti nyeusi huacha masizi ndani ya mtutu, na masizi yale hunywa unyevu wa usiku, na asubuhi ukichungulia unakuta kutu imekwisha kula chuma. Mafuta peke yake hayasaidii kitu. Yanatakiwa maji yanayochemka, mengi, halafu kitambaa kikavu, halafu mafuta ya kondoo yasiyotiwa chumvi. Nayajua haya yote vizuri na ninachukia kuyajua.

Nilikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu mmoja kule Ndabibi, ng'ambo ya ziwa Naivasha, miaka ya Hali ya Hatari. Mpishi nasema, mtu mzima mwenye mke na ndevu, lakini jina langu pale lilikuwa boi. Mke wangu alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za nyumba ileile. Sisi ni Wakikuyu, na miaka ile hilo tu lilitosha kukutia mashakani. Wenzetu wengi walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, kwenye maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Sheria nayo ilijulikana hata kwa watoto: Mwafrika akikutwa na bunduki bila ruhusa, ni kitanzi.

Basi katika nchi yenye sheria hiyo, bwana wangu alinipa bunduki niioshe.

Yeye hakuiona kuwa bunduki. Bunduki zake za kweli alizifungia kwenye kabati la chuma, na bastola alilala nayo. Lakini lile gobori la babu yake, lililotundikwa sebuleni juu ya mahali pa moto, kwake lilikuwa pambo tu, sawa na pembe za nyati zilizokuwa kando yake. Kila siku yake ya kuzaliwa aliwaita majirani wakala na kunywa, kisha akalitoa nje, akamimina baruti mdomoni, akashindilia kwa ufito, akaweka fataki, akalipua kuelekea ziwani. Moshi ulifunika bustani nzima. Wageni walipiga makofi, nasi jikoni tukajua kazi imeingia.

"Boi, osha leo," aliniambia mwaka huo, wageni walipokwisha kuondoka. "Mimi hapana taka ona kutu."

Nikamwambia, "Bwana, siku hizi ni mbaya. Askari wakiniona na hii je?"

"Hii si bunduki. Hii kitu ya babu," akasema, akaenda kulala. Na bwana akishalala mchana hakuna wa kumwamsha. Hiyo nayo ilikuwa sheria.

Ningeweza kuliosha jikoni, mlango umefungwa, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini memsahib, mke wa bwana, hakutaka. Maji yanayotoka kwenye mtutu wa gobori hunuka yai viza, na pua yake haikuvumilia. Akatutoa nje, mimi na mke wangu aliyekuwa akinisaidia, nyuma ya jiko, penye kamba za nguo, mahali ambapo yeyote apitaye barabara ya shamba anakuona. Pua ya memsahib nusura itutoe roho, na sidhani kama aliwahi kulijua hilo.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Unachomoa kabari inayoshika mtutu kwenye mti wake, unautoa mtutu peke yake, unautia ndani ya ndoo, kitako chini. Ule mti na kinyundo chake unaviweka kando, mbali na maji. Mke wangu alishika birika, anamimina maji yanayochemka, nami nimefunga kitambaa kwenye ufito, napandisha na kushusha kama mtu anayetwanga. Maji yakawa yanatoka meusi ti. Lile tundu dogo la moto, pale fataki inapokaa, nililizibua kwa shina la unyoya wa kuku. Maji hubadilishwa mpaka yatoke safi, na lazima yawe ya moto sana, maana mtutu ukipata moto sawasawa hujikausha wenyewe.

"Fanya haraka," mke wangu aliniambia. "Roho yangu haitulii."

Sasa angalia tulivyoonekana. Wakati ule watu wa msituni walikuwa wakijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji. Bomba, kipande cha mti, komeo la mlango na mpira wa kulivuta, basi, hiyo ni silaha. Kila polisi alikuwa ameonyeshwa. Na hapa yuko Mkikuyu nyuma ya nyumba, ana bomba ndani ya ndoo, ana mti uliochongwa juu ya gunia, anasukuma ufito ndani ya bomba.

Gari la polisi likasimama. Wa kwanza kuruka alikuwa kijana wa kizungu, shingo imeiva kwa jua, nyuma yake askari wawili. Wakapiga kelele tuinue mikono. Mke wangu aligeuka, akaona mdomo wa bunduki ya kweli unamtazama, akaliachia birika. Maji yote yakamwagikia mguu wake wa kulia. Alitoa sauti moja tu. Kisha tukapigishwa magoti mavumbini, mikono kichwani.

"Afande, ni ya bwana," nikamwambia askari aliyekuwa karibu. "Muulize bwana mwenyewe, yuko ndani amelala."

"Nyamaza, mzee," akasema. "Kila mtu tunashika anasema ni ya bwana."

Yule mzungu wa polisi hata hivyo alikwenda dirishani kuuliza kama anaweza kumwona mwenye nyumba. Memsahib akamjibu kwamba bwana anapumzika, angoje aamke. Hakutoa hata kichwa nje aone anaulizwa kwa sababu gani. Tukabaki pale juani, mimi nikiwaza kitanzi, na mguu wa mke wangu ukifura huku nikiuona. Nilipojaribu kumsogelea, nikasukumwa kwa kitako cha bunduki.

Bwana alipoamka alitoka na viatu vyake vya ndani. Akaeleza kwa Kiingereza, akaonyesha mti wa gobori, akacheka. Polisi naye akacheka. Halafu bwana akautoa mtutu kwenye ndoo, akachungulia ndani, na kicheko kikamwisha. Maji yalikuwa yamepoa humo. Kutu nyekundu ilikuwa imeanza.

"Wewe, angalia hii," aliniambia mimi. "Maliza upesi."

Nikaambiwa niinuke. Chuma kilekile ambacho muda mfupi nyuma nusura kininyonge, nikarudishiwa mikononi mbele ya polisi, na polisi akasimama ananitazama, kikombe cha chai mkononi. Nikachemsha maji mengine. Nikaosha. Nikasugua kutu kwa jivu laini. Nikakausha, nikauelekeza mtutu kwenye jua, nikachungulia mpaka nikaona unang'aa mwanzo hadi mwisho. Nikafungua kopo la mafuta ya kondoo nikapaka ndani na nje. Mnyonge msonge, wasema Waswahili, nami siku hiyo nilisongwa nikakubali.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa bado amepiga magoti. Hakuna aliyemwambia ainuke. Mimi niliinuliwa kwa kuwa bomba lilinihitaji, na yeye hakuna kilichomhitaji. Bwana alikuwa amempita akija kukagua kazi yangu, akampita tena akirudi. Mikono ya mke wangu ilikuwa bado kichwani, na mguu umetoka malengelenge makubwa.

"Bwana, naomba mafuta kidogo ya mguu wake," nikasema.

"Kwanza rudisha kitu ya babu," akajibu.

Watu huniambia kwamba yule alikuwa mzungu mwema, hakutupiga, na ndiye aliyetutetea kwa polisi. Wanaosema hivyo huniudhi kuliko polisi wenyewe. Alitetea mali yake, na sisi tulikuwa karibu nayo.

Nikaunganisha gobori, nikalitundika mahali pake, nikahakikisha limekaa sawa. Ndipo nikatoka, nikamwinua mke wangu mwenyewe, nikambeba mpaka nyumbani kwetu, kule kwenye vibanda vya wafanyakazi. Nikampaka mafuta yaliyobaki kwenye kopo. Hayakutosha hata kufunika wayo.

Alinitazama nikimpaka. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Ulianza na bomba."

Hasira ninayo mimi. Mwaka uliofuata bwana alilitoa tena gobori mbele ya wageni, akachungulia mtutuni, akaniambia wote wakisikia, "Mzuri sana, boi." Halikuwa na kutu hata chembe. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kapu la nguo, uzito wote ameuweka mguu wa kushoto.