Nguzo Sita za Papa Hubert

Hubert alikuwa ameketi uani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, Père Lambert alipoingia akikokota baiskeli yake. Ilikuwa Novemba ya mwaka 1956, mvua zikiwa bado nzito, na padri alikuwa na tope mpaka magotini. Hakukaa. Alitoa karatasi mfukoni, akaitandaza chini karibu na beseni, akachuchumaa, akaanza kueleza kwa kidole.

Alitaka Noeli ya mwaka ule iwe na nyota inayotembea. Siyo nyota ya karatasi iliyobandikwa ukutani, hapana. Nyota ya taa, ianzie barabarani mbele ya parokia, ipite juu ya vichwa vya watu, ifike mpaka kwenye banda la Mtoto Yesu, halafu ianze tena. Kule kwao alikozaliwa aliwahi kuona taa za namna hiyo akiwa mdogo na hakuzisahau. Kanisa lilikuwa na umeme tayari. Kilichokosekana ni nguzo, na mtu wa kuzitengeneza.

Hubert alisikiliza huku akitazama vidole vyake vya miguu ndani ya maji. Kabla hajafikiri, mdomo wake ulikuwa umekwisha kujibu kwamba ndiyo, itawezekana.

Jikoni, mke wake Odile alikuwa anatwanga ndizi za kuchemsha, lituma ya jioni. Mchi ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea, safari hii kwa nguvu zaidi.

Ndivyo alivyokuwa Hubert. Alizaliwa Opala, kwenye mto Lomami, akaja Kisangani kijana kwa mashua ya mizigo, mji ambao karatasi za serikali ziliuita Stanleyville. Alibeba magunia bandarini mpaka siku kampuni ya umeme ilipotafuta watu wepesi wasioogopa kupanda juu. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa nguzo. Alizipanda kwa mkanda wa ngozi kiunoni na vyuma miguuni, mtaa wa Wazungu, ng'ambo hii na ile ya mto, jua likiwaka au mawingu yakining'inia. Nyumbani kwake mwenyewe, mtaa wa Tshopo, waya ulipita juu ya barabara lakini haukuingia ndani. Odile aliwasha taa ya mafuta.

Na jioni, baada ya nguzo za kampuni, zilikuja kazi za watu. Huyu paa lake linavuja, yule anaozesha binti na hana mabenchi, mwingine amefiwa na jeneza linatakiwa kabla ya kesho. Wote walimkuta ameshavua viatu, na kwa wote alivaa tena viatu akaenda nao. Hawakuwa watu wabaya. Walimwendea kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kurudi bila msaada. Odile alizoea kula peke yake na kumfunikia sahani. Tangu binti yao Adèle aolewe na kuhamia kwa mumewe, nyumba ilikuwa kimya mno wakati wa chakula, na jambo hilo Odile alilisema mara moja tu, akaliacha.

Kazi ya nyota ilianza. Jumapili baada ya misa Hubert alivuka mto Tshopo na wanaume wa parokia, wakakata miti sita mirefu iliyonyooka, wakaileta kwa lori la misheni. Aliimenya magome, akachimba mashimo, akaisimamisha kwa mstari kutoka barabarani mpaka lilipojengwa banda la makuti. Juu ya kila nguzo ingekaa nyota ya bati yenye balbu ndani.

Nyota zenyewe alizikata Zuberi, fundi bati, rafiki yake wa siku nyingi. Zuberi alikuwa wa zile familia za Waislamu zilizokaa mjini tangu enzi za wafanyabiashara wa zamani, na karakana yake ilikuwa upande wa pili wa soko. Hubert alipomweleza ni za nini, Zuberi aliuliza tu zitakuwa na ncha ngapi. Zilipokwisha kukatwa, alizing'arisha kwa majivu mpaka zikarudisha sura ya mtu.

Kilichobaki kigumu kilikuwa kuifanya nyota itembee. Balbu haina miguu. Inatakiwa moja izimike na ya mbele yake iwake, upesi kiasi cha kudanganya jicho. Hubert alichonga pipa dogo la mbao, ukubwa wa ndoo, akalilaza juu ya miguu miwili na kulitia mpini wa kuzungushia. Juu ya pipa alipigilia vipande vya shaba. Pipa likizunguka, vipande hivyo viligusa kwa zamu nyaya sita, kila waya na nguzo yake. Mpini aliuvisha mpira wa gurudumu la baiskeli ili umeme usimrushe mtu. Mwenye kuzungusha akienda taratibu, nyota nayo ilikwenda taratibu. Akichoka, nyota ilisimama.

Wiki moja hivi kabla ya Noeli, dhoruba ikashuka alasiri. Hubert alikuwa kazini na aliiona ikija kutoka upande wa mto, nyeusi, na alijua nguzo hazitaistahimili. Alipofika parokia jioni, nguzo nne zilikuwa zimelala. Udongo wa mashimo ulikuwa umegeuka uji, na moja ya hizo nne ilikuwa imeanguka juu ya banda na kulipasua katikati. Nyota mbili za Zuberi zilikuwa zimekunjwa kama majani makavu.

Watu walisimama pale wakimngoja aseme kitu. Alizunguka nguzo moja moja, akaigusa kila moja kwa mguu, akarudi nyumbani. Odile alimwekea chakula, na kwa mara ya kwanza aliona mume wake amelala na tonge mkononi.

Kesho yake, alipokuwa juu ya nguzo ya kampuni kwenye barabara ya kwenda bandarini, usingizi ulimchukua. Hakuusikia ukija. Alikuwa anakaza waya, koleo mkononi. Kilichofuata ni mlio wa koleo likigonga mawe chini, na yeye ananing'inia kwa mkanda, mgongo umepinda, uso umetazama mawingu. Mkanda ule ulikuwa umechakaa pembeni. Msimamizi alipiga kelele kutoka chini akidhani ameshikwa na umeme. Hubert alijibu kwamba koleo limeteleza. Alishuka polepole, akaokota koleo, akachuchumaa akijifanya anafunga kamba za kiatu.

Hakumwambia Odile. Alimwambia Zuberi, jioni ile, katika karakana iliyojaa moshi. Zuberi aliweka nyundo chini.

"Ndeko, ndugu yangu, weye utakufa juu ya muti ya waya," alisema. "Waambie iko basi. Noeli itafika tu, hata bila taa."

"Mon père alisha ambia watu wote."

"Na mdomo yako, iko ya mon père?"

Hubert alitazama moto. Zuberi alisimama, akachukua taa. Alimwongoza nyuma ya karakana, mahali palipokuwa na rundo la mabomba ya chuma, yenye kutu lakini mazima, yaliyotolewa katika tumbo la meli ya zamani iliyokatwakatwa bandarini. Alikuwa ameyaweka kwa kazi nyingine. Akasema kama ni lazima mtu afe kwa ajili ya nguzo, basi angalau zisianguke.

Jioni zilizofuata walifanya kazi wawili. Walikata mapipa ya mafuta nusu nusu, wakasimamisha bomba katikati ya kila nusu, wakajaza mawe na simenti. Zuberi alizinyoosha zile nyota mbili zilizokunjwa, na wanaume wa parokia wakalijenga banda upya. Hakukuwa tena na mashimo. Nguzo zilisimama zenyewe juu ya ardhi kama watu walioshiba. Zuberi alikwenda kuswali magharibi wakati wake ulipofika, akarudi, akaendelea. Odile naye alianza kuja, siyo kusaidia, alisema, bali kuleta chakula, kwa kuwa hakutaka kufunika sahani tena. Alikaa juu ya pipa lililogeuzwa akimtazama mume wake akijaribu ule mpini, jinsi alivyoushika, jinsi alivyoanza na mkono wa kulia.

Jioni ya mkesha watu walijaa kuanzia barabarani. Wengine walitoka mbali, wake wa makarani kwa maputa mapya ya kitenge, wanafunzi, wafanyabiashara kutoka Maniema, na Waislamu wa mtaa wa Zuberi waliokuja kutazama kazi ya mtu wao. Giza lilipoanza kushika, Hubert aliketi nyuma ya ukuta wa makuti, pipa mbele yake, akaanza kuzungusha.

Kutoka pale hakuona chochote ila vipande vya shaba vikirusha cheche ndogo za buluu. Alichopata ni sauti. Kwanza kimya, mpaka akadhani waya umekatika. Halafu mtu mmoja akacheka kwa mshangao, halafu kikaja kishindo cha miguu ya watoto wakikimbia toka barabarani mpaka bandani, wakirudi, wakikimbia tena, wakiifuata. Kwaya ilianza, ikapotea katika makelele, ikaanza upya. Mkono wa kulia ukachoka, akahamia wa kushoto. Wa kushoto ukachoka, akarudi wa kulia. Bega lake lilikuwa linawaka, na jasho liliingia machoni.

Odile aliinama akapita chini ya makuti. Alimtazama kwa muda.

"Papa Adèle, toka hapo."

Hubert alimwambia umeme ni hatari, asiguse.

"Nakuonaka kila siku. Mukono juu ya mpira, na haraka hapana. Toka, uende kuona kazi yako."

Akaushika mpini mkono wa Hubert ukiwa bado juu yake, na kwa mizunguko kadhaa walizungusha pamoja, mpaka mkono wa Hubert ukaanguka wenyewe.

Alitoka nje. Nyota iliwaka barabarani, ikaruka, ikaruka tena, ikapita juu ya vichwa, ikasimama kidogo juu ya banda. Ilikuwa inatembea kweli. Alingoja furaha imshike na haikuja. Aliona kwamba nyota ya tatu ilikuwa hafifu kuliko wenzake na kwamba waya wa nne ulikuwa umelegea. Mtu alimpiga begani, mwingine akamshika mkono, mama mmoja mzee akamwambia kitu kwa Kilokele ambacho hakukisikia vizuri. Akaenda mpaka ukuta wa kanisa, akaketi chini, mgongo kwenye matofali ambayo bado yalikuwa na joto la mchana. Katikati ya kelele zote zile akalala. Watu walipoona ni yeye, walimzunguka kwa mbali ili wasimkanyage.

Taa ziliwaka kila jioni mpaka sikukuu ya Epifania. Odile na Hubert walipokezana mpini, na katekista Timothée akajifunza pia.

Siku walipokuwa wanashusha nyota, Père Lambert alikuja na mgeni, mzungu wa utawala wa mji, mwenye kofia. Mgeni alikuwa ameziona taa na amezipenda. Mwaka ujao alitaka nguzo mara tatu ya zile, kwenye barabara kubwa ya mjini, na mbele yake pawe na wafalme watatu wanaosogeza mikono. Padri alieleza yote kwa uso unaong'aa. Odile alikuwa anakunja nyaya hatua chache pembeni, na mikono yake ikasimama.

Hubert alishika nyota ya bati tumboni kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Walingoja lile neno lake, ndiyo. Mgeni akatazama saa.

"Hapana, mon père," Hubert alisema.

Padri alidhani hakuelewa, akaanza kueleza tena. Hubert alimwacha amalize.

"Nilisikia muzuri. Minachoka, mon père. Haiko kuchoka ya leo. Mbele ya Noeli nililala juu ya muti ya kazi. Nililala kabisa, mukanda njo ilinishika." Akamtazama Odile. "Bibi yangu hajui."

Sasa alijua. Odile aliweka nyaya chini. Alikuja akasimama kando ya mume wake, asimguse, na kwa muda hakuna aliyejua atamgeukia nani. Uso wake ulikuwa umekakamaa kwa hasira, au kwa woga, Hubert hakuweza kutofautisha. Kisha akamwambia padri kwa sauti ya kawaida, ile ya kuagana na wageni:

"Mon père, amesema."

Mgeni aliondoka akiwa amekereka. Père Lambert alibaki. Aliichukua ile nyota mikononi mwa Hubert, akaibeba mwenyewe mpaka ghalani, akarudi akabeba nyingine, mpaka zote sita zikaingia. Halafu aliomba radhi, kwa maneno machache na bila kumtazama usoni.

Ugomvi wa nyumbani haukukosekana. Odile alimlaumu siku mbili nzima kwa kumficha, na siku ya tatu akaenda mwenyewe na ule mkanda uliochakaa kwa mshona viatu, akamsimamia mpaka ukashonwa upya wote. Taa za mjini hazikujengwa. Mwaka uliofuata nguzo zilezile sita zilisimama tena mbele ya parokia, Timothée akazungusha, na Hubert alikuja siku moja kukaza waya, akaenda zake.

Watu wa mtaa walichukua muda kuzoea kukataliwa. Jumamosi ya kwanza baada ya kumkatalia padri, Hubert alikula lituma na samaki pamoja na mke wake, akajinyoosha kitandani wakati jua bado liko juu. Odile aliweka kiti mlangoni, akaketi, sahani ya mchele wa kuchambua magotini. Akaja Émile wa nyumba ya pili, mlango wake umekwama. Odile alimwambia Papa Hubert hayuko, amekwenda Bengamisa.

"Alienda lini?" Émile aliuliza. Sauti ya kukoroma ilikuwa inasikika mpaka barabarani.

"Asubuyi," Odile alisema, akatupa jiwe dogo alilolipata katika mchele. "Atakawia kurudia."

Émile alisikiliza kidogo, akatazama mlango, akamtazama Odile. Akamwambia basi amsalimie akirudi.