Mbegu Nyeupe Tumboni mwa Nguruwe

Odis Tackett hakuwahi kuyaamini mahindi ya mtu mwingine. Ya kwake aliyachachusha ndani ya pipa kwa bia na unga mwekundu wa jeli, kisha akayafukia shimoni mbele ya dungu lake, kando ya Mto Navidad, ili nguruwe mwitu wachimbue huku yeye akiwalenga kutoka juu. Jirani yake, Dub Zapalac, aliyanyunyizia yake dizeli, kwa kuwa kulungu huikimbia harufu hiyo na nguruwe haimshughulishi. Katika sehemu ile ya Texas, chambo kilimtambulisha mtu kama sauti yake.

Dungu la Odis lilisimama katika ardhi ya Bi Vlasta Hruska, mjane mfugaji. Mapatano yao yalikuwa ya mdomo: Odis aue nguruwe na koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa nchi ile, na kila Krismasi apeleke soseji. Mwaka ule wa ukame nguruwe walikisusa chambo chake, wakalifukua shamba la majani la Bi Vlasta hadi likafanana na lililolimwa na mlevi. Mjane akamwita getini.

"Odis, nimekuvumilia. Wakinichimbulia tena kabla ya Sikukuu ya Shukrani, dungu nampa Dub."

"Dub kakuomba?"

"Hajaniomba. Ila bunduki yake angalau naisikia."

Neno hilo lilimkaa Odis kama mwiba wa samaki kooni. Akawa anaupita uzio wa Dub polepole, dirisha la pikapu wazi, akinusa kama dizeli ya Dub ndiyo inayowavuta nguruwe. Siku moja Dub akamfuma.

"Unatafuta nini, mzee? Umedondosha pua?"

"Natafuta nguruwe wangu."

"Wako? Uliwapiga chapa lini?"

"Cheka tu, Dub. Tumbo halitunzi siri."

Dub alicheka, kicheko kifupi mno, na Odis akakihesabu kuwa ushahidi.

Kulipopambazuka kesho yake alikuwa juu ya dungu, upepo ukimpiga usoni. Koyote alitokea, akanusa shimo, akaenda zake. Shabaha ilikuwa safi, lakini mlio mmoja ungemfukuza aliyemngoja, Odis akamwacha. Baadaye jike nene la nguruwe likapita pembeni bila hata kuyageuzia pua mahindi mekundu. Lilitoka upande wa uzio wa Dub. Odis akafyatua.

Alimburuta mnyama hadi getini, akampakia nyuma ya pikapu, akawaita Bi Vlasta na Dub.

"Nataka mashahidi."

"Mashahidi wa nguruwe?" Dub aliuliza.

"Wa mlo wake wa mwisho."

Akapasua tumbo, akainama, pua tayari kwa dizeli. Haikuwapo. Wala wekundu haukuwapo. Tumbo lilijaa mbegu za pamba, nyuzi nyeupe zingali zimezishika.

Wanaume wote wawili wakamtazama Bi Vlasta. Pande zile, mtu mmoja tu alikuwa akiwamwagia ng'ombe mbegu za pamba chini, sambamba na uzio wa Dub, tangu malisho yalipokauka.

"Ng'ombe humaliza," alisema Bi Vlasta.

"Hawamalizi, Bi Vlasta," alijibu Dub, kisha akamgeukia Odis. "Na chambo changu hakijaguswa tangu kiangazi. Nilidhani ni wewe. Nimelinusa shimo lako."

"Ndiyo maana niliona alama za buti."

"Na mimi niliona za pikapu."

Bi Vlasta hakuomba radhi. Alifunga vifungo vya koti. "Ng'ombe nitawalishia horini. Dungu libaki kwako, Odis." Akaenda. Dub akashika miguu ya nyuma ya nguruwe bila kuombwa.

Krismasi ilipofika Odis alipeleka soseji, akarudishiwa sahani ya kolachi, vile vimikate vya jamu ya plamu. Alishukuru kwa adabu zote. Nyumbani alichukua kisu, akakipasua cha kwanza katikati, akakinusa. Ndipo akala.