Mashangazi Walipogeuka Malaika

Mjukuu wangu ni msomi wa chuo kikuu, na mimi niliyeishia darasa la nne ndiye niliyemwogesha akiwa mchanga. Hilo nalisema kanisani, nalisema sokoni, nawaambia hata wasioniuliza.

Alikuja kwangu Hamugembe na begi dogo. "Bibi, nachunguza jinsi watu wanavyoishi kwenye simu." Nikamwambia mtu anaishi kwake, simu anaichaji tu. Akacheka. Alikuwa analitaka kundi letu la simu la mashangazi, wanawake wa ukoo mmoja tuliozaliwa Muleba tukaolewa huku na huko, wengine Kashozi, wengine Kibeta. Humo hatuandiki sana. Tunabonyeza na kutuma sauti, na tunasemana kweli kweli. Mdogo wangu aliyebaki Muleba ana mdomo wa pilipili. Ukimsikiliza asubuhi, chai huitaki tena, umeshaamka.

Mjukuu akamwomba kila mmoja ruhusa kwa heshima. Atasikiliza wiki moja, na majina hatayaandika. Wote wakakubali, akaingizwa kundini. Nikajisemea, leo msomi atasikia mambo.

Mawe, mama yangu! Kesho yake kundi likawa kanisa. Huyu katuma zaburi, yule katuma picha ya ua. Mdogo wangu, yule yule, akasema kwa sauti ya mtawa: "Ndugu zangu wapendwa, tupendane." Ndizi niliyokuwa namenya ikanidondoka.

"Huyo simfahamu," nikamwambia mjukuu.

Wiki ikaisha hivyo hivyo. Mtoto akanyong'onyea, hata matoke hakumaliza. "Bibi, hawa wanaongea na mimi, hawaongei wao kwa wao. Mwalimu ataikataa kazi hii, na mwaka huu sihitimu."

"Niwagombeze?"

"Usithubutu! Watazidi. Dawa yake ni muda. Nikikaa kimya, watanisahau."

"Basi kaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini akizoea banda anafunguliwa."

Akawaomba waongeze muda, wakakubali, akakaa. Kundini hakusema neno. Nyumbani tulipalilia kibanja, shamba langu la migomba, tukaanika kahawa, na mimi sikuwa na haraka ya kumwona anaondoka. Siku zikaenda, zaburi zikaanza kupungua. Shangazi wa Kibeta akalalamika kwamba mkwe wake ameunguza maharage. Mjukuu akatabasamu, akaandika daftarini.

Ndipo senene, panzi wetu wa kukaanga, wakaanguka. Asubuhi mdogo wangu akatuma picha ya sahani ya senene waliokaangwa, wanameta. Na mimi dada yake, niliyembeba mgongoni, sijaletewa hata mguu wa senene! Nikaikamata simu.

"Wewe mlafi! Umekula peke yako, mimi unaniletea picha? Niikaange picha?"

Akajibu papo hapo: "Dada, senene wanataka meno. Yako yamebaki mawili, na hayo mawili hayajawahi kukutana."

Mashangazi wote wakamiminika. Mmoja anacheka mpaka anakohoa, mwingine anachochea, "Mjibu, mjibu, usimwache!" Nami nikamjibu, waitu, ndugu zangu. Nilimkumbusha mpaka siku alipokimbizwa na bata.

Nikasikia vishindo nyuma yangu. Mjukuu alikuwa anarukaruka jikoni.

"Bibi, umenisahau!"

"Nikusahau vipi, si umesimama hapo?"

"Kwenye simu, Bibi! Hata wewe!"

Ilikuwa kweli. Kumbe siku zote zile na mimi nilikuwa nimejipaka umalaika bila kujijua.

Siku iliyofuata ndoo ya senene ikafika kwa basi kutoka Muleba. Nikafunua. Hawajanyonyolewa hata bawa moja! Nikaichukua simu. Mjukuu akanitazama, akatoka nje polepole, akaurudishia mlango ili nisimwone, nimsahau tena.

Nikabonyeza.

Kazi yake ilipita. Picha yake akiwa na joho iko ukutani kwangu, mgeni haketi kabla hajaitazama. Mdogo wangu anadai nusu ya joho lile ni mdomo wake. Namwambia ni robo tu, na mabawa yake nayakumbuka bado.